Je, vidonge vya asidi ya foliki vinaweza kuleta kisukari cha ujauzito? Nimeacha kumeza tangu Jumapili

#1 MamaKijacho (Mwanza)

Habari za jioni, wanajukwaa. Nina ujauzito wa wiki 10, ambao ni wa kwanza, na tangu Jumapili sijameza kidonge chochote wala nafsi yangu haijatulia.

Wifi yangu alijifungua mwezi uliopita. Ujauzito wake ulipofika mwezi wa saba aligundulika kuwa na kisukari cha mimba, akawa anajitoboa kidole mara nne kwa siku kupima sukari, na mwishowe mtoto alizaliwa kwa upasuaji akiwa na kilo 4.3. Jumapili tulipokuwa tukimwogesha mtoto alinionesha ujumbe uliosambazwa katika kundi lao la kina mama, unaosema kwamba watafiti wa China wamebaini kuwa wanawake wanaomeza asidi ya foliki tangu mwanzo wa mimba hupata kisukari kuliko wasiomeza. Akaniambia, "Wifi, mimi vile vya njano nilivimeza tangu siku ya kwanza bila kukosa hata siku moja. Pima mwenyewe."

Hapa mezani nina karatasi mbili za vidonge. Moja niliinunua duka la dawa siku ile ile nilipopima mkojo nikaona mistari miwili. Ni vidonge vidogo vya njano, vimeandikwa miligramu 5. Nyingine nilipewa kliniki wiki iliyopita, nayo ni ya vidonge vyekundu vya FEFO, yaani madini ya chuma na asidi ya foliki pamoja. Nilikuwa nikimeza vyote viwili kila usiku. Mama yangu mzazi ana kisukari mwaka wa 11 sasa, na miguu yake naiona kila ninapokwenda kumsalimu, kwa hiyo hofu hii nilikuwa nayo kabla ya ujumbe ule. Naomba mwenye ujuzi anieleze: je, jambo hili ni la kweli?

#2 Shangazi wa Makete

Mdogo wangu, rudi kwenye vidonge leo hii kabla hujalala. Ukiacha asidi ya foliki sasa utajifungua mtoto mwenye mgongo wazi, na hapo utatamani hicho kisukari. Jumbe za kusambazwa zimeshawaponza wengi, na wewe usiwe wa kwanza kuzifuata wala wa mwisho kujuta.

#3 Mkunga Mstaafu (Tanga)

Asante kwa swali, MamaKijacho. Nimefanya kazi katika kliniki za wajawazito kwa miaka 31 na ningependa kuanza kwa kumrekebisha Shangazi hapo juu, kwa heshima, kwa sababu anamtia mama hofu isiyo mahali pake.

Mrija wa neva, ambao baadaye ndio huwa ubongo na uti wa mgongo, na ambao usipofunga mtoto huweza kuzaliwa na mgongo wazi, hufunga kufikia siku ya 28 baada ya mimba kutungwa. Tukihesabu kwa namna ya kliniki, yaani tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, hiyo ni kama wiki ya 6. MamaKijacho yuko wiki ya 10. Kama mrija ulifunga vizuri, umekwisha kufunga, na siku nne za kuacha vidonge haziwezi kuufungua tena. Ndiyo maana tunasema asidi ya foliki ianzwe kabla ya mimba, jambo ambalo kwetu hufanyika mara chache mno, kwa kuwa wengi hutufikia wakiwa na miezi minne au mitano.

Hata hivyo, sisemi uache. Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito ameze kila siku miligramu 30 hadi 60 za madini ya chuma pamoja na miligramu 0.4 za asidi ya foliki katika kipindi chote cha ujauzito. Baada ya wiki zile za mwanzo kazi yake kubwa ni damu: mama anatengeneza damu ya watu wawili, na foleti (jina la vitamini hii ikiwa katika chakula na mwilini) ikipungua chembe nyekundu hukua kubwa bila kukomaa.

Sasa naomba jambo moja. Geuza ile karatasi nyekundu ya kliniki, usome maandishi madogo ya nyuma, kisha utuandikie hapa kilichoandikwa.

#4 MamaKijacho

Asante, mama. Nimesoma kwa tochi ya simu. Imeandikwa feri salfeti miligramu 200, na asidi ya foliki miligramu 0.4. Kwa hiyo kile cha njano peke yake ni zaidi ya mara 12 ya hiki?

#5 Mkunga Mstaafu

Naam, mara 12 na nusu. Ulikuwa ukimeza miligramu 5.4 kwa siku, ilhali kwa mama asiye na sababu maalumu inatosha 0.4.

#6 Fundi wa Takwimu (Morogoro)

Ujumbe wa wifi yako haukutungwa hewani, dada, ila umekata habari nusu. Utafiti upo kweli. Ulifanyika katika mji wa Ma'anshan, mkoa wa Anhui, ukachapishwa mwaka 2016, na waliomeza asidi ya foliki mapema katika ujauzito walionekana kupata kisukari cha mimba zaidi ya wasiomeza. Ujumbe uliishia hapo.

Haukusema kwamba mwaka 2019 ulichapishwa utafiti mwingine kutoka Marekani, uliofuatilia wauguzi wanawake zaidi ya 14,000 na mimba zao zaidi ya 20,000, ukaonesha kinyume chake: waliokuwa wakimeza mikrogramu 600 au zaidi za asidi ya foliki kwa siku kabla ya kushika mimba walikuwa na hatari ya kisukari cha mimba iliyopungua kwa takriban asilimia 30, wakilinganishwa na wasiomeza kabisa.

Mambo mawili ni ya kuzingatia. Kwanza, tafiti zote mbili ni za kufuatilia watu na mazoea yao. Hakuna aliyegawiwa kidonge kwa kura. Aliyemeza na asiyemeza hawakuwa sawa tangu mwanzo, na hatujui kutofautiana kwao kote. Pili, utafiti wa Marekani uliuliza juu ya mazoea ya kabla ya mimba, na ule wa China uliuliza juu ya miezi ya mwanzo ya mimba yenyewe. Hayo ni maswali mawili tofauti, ingawa watu huyasoma kama moja.

#7 Mswahili wa Muscat

Mimi naona sababu iko wazi. Anayemeza asidi ya foliki tangu wiki ya kwanza ni yule anayewahi kliniki, ana kipato, na mara nyingi umri umesogea kwa sababu alisoma kwanza. Huyo huyo ndiye anayepimwa sukari. Katika kliniki niliyohudhuria hapa Muscat kila mama alinyweshwa glukosi na kutolewa damu mara tatu, lakini dada zangu walioko Tanga walipimwa mkojo tu kwa kijiti. Asiyepimwa haonekani kuwa na kisukari, basi kidonge kinalaumiwa bure.

#8 Fundi wa Takwimu

Hoja yako inafaa sana kwa kulinganisha Muscat na Tanga, dada, lakini haiwezi kueleza Ma'anshan, kwa kuwa kule waliofuatiliwa walipimwa wote, waliomeza na wasiomeza. Sehemu ya umri na kipato inabaki. Watafiti hujaribu kuiondoa kwa hesabu, lakini hesabu huondoa kile tu kilichoandikwa kwenye dodoso.

#9 Binti Pangani

Nauza katika duka la dawa na ninaomba kuwatetea wenzangu kidogo kabla hawajahukumiwa. Mama akiingia akasema "naomba foliki", mimi kabatini nina ya miligramu 5 peke yake. Ya 0.4 isiyochanganywa na chuma sijaipokea kwa msambazaji tangu nianze kazi. Vile vya njano ni vya bei ndogo, ni vidogo, havichafui tumbo, na mama aliyekuwa akitapika kwa sababu ya FEFO huvipenda. Hakuna anayetuambia kwamba dozi ile ni ya watu maalumu. Leo nimejifunza, na kesho nitaanza kuuliza kabla ya kuuza.

Swali langu kwa Mkunga: hao watu maalumu ni akina nani?

#10 Mkunga Mstaafu

Umefanya vema kuuliza, binti yangu. Dozi kubwa hupewa mama aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, mama anayetumia baadhi ya dawa za kifafa, na mama mwenye selimundu. Katika nchi kama Uingereza hupewa pia mama aliyekuwa na kisukari kabla ya mimba, na kwa miaka mingi alipewa pia mama mwenye unene uliokithiri, kwa sababu wote wawili wana hatari kubwa zaidi ya kupata mtoto mwenye tatizo hilo.

Kuna jambo moja zaidi ambalo kwa nchi zetu lina uzito kuliko hata hili la sukari. Kuanzia miezi mitatu ya pili mjamzito katika maeneo ya malaria humezeshwa SP, vidonge vitatu kwa mkupuo mbele ya muuguzi. SP humwua kijidudu cha malaria kwa kumzuia asijitengenezee foleti. Mama akiwa anameza asidi ya foliki miligramu 5 kila siku, anakirudishia kijidudu kile kile tulichotaka kukinyima, na nguvu ya SP hupungua. Miligramu 0.4 haina tatizo hilo. Wewe uliyeko Pangani, na MamaKijacho aliyeko Mwanza ziwani, wote mnaishi kwenye mbu. Sababu ya kuogopa 5 bila maelekezo ni hii kwanza.

#11 Fundi wa Takwimu

Mkunga amegusa jambo ambalo nilitaka kulisema kuhusu sukari, na naomba wasomaji walitazame kwa makini. Iwapo madaktari humpa dozi kubwa mama mnene, au mama ambaye ukoo wake una kisukari, basi miezi sita baadaye tutakuta kwamba waliomeza dozi kubwa ndio wenye kisukari zaidi, na tutasema kidonge kimeleta. Hatari ilikuwamo mwilini kabla kidonge hakijatoka kwenye karatasi. Ni kama kuwakuta wenye miavuli wamelowa kuliko wengine, ukasema mwavuli ndio unaolowesha.

#12 Mzee Kitonga (Iringa)

Fundi, mwavuli wako ni mzuri, lakini unanipa shaka kidogo, kwa sababu kidonge kinachogawiwa bure kwa wanawake wa China tangu mwaka 2009 ni cha miligramu 0.4, dozi ya kawaida kabisa, na hugawiwa kwa mama yeyote bila kuangalia uzito wake. Hapo maelezo ya kwamba wagonjwa ndio waliopewa dawa hayakai sawasawa. Mimi ningetazama madini ya chuma. Vidonge vyetu vina vyote viwili, na chuma kikizidi mwilini huumiza kongosho. Foliki anabebeshwa mzigo wa jirani yake.

#13 Mkunga Mstaafu

Mzee wangu, hoja ya chuma tuliwahi kuibishana sana. Ilijaribiwa Hong Kong kwa njia ya kura, zaidi ya wajawazito 1,000 wakagawanywa, wengine wakapewa chuma na wengine kidonge kitupu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 hayakuonesha kwamba chuma kiliongeza kisukari cha mimba. Wale, hata hivyo, hawakuwa na upungufu mkubwa wa damu walipoanza, na wala hawakuwa na malaria. Sitafunga mlango kwa jaribio moja, lakini sitamnyima mama mwenye damu 8 kidonge cha chuma kwa hofu hiyo.

#14 Mzee Kitonga

Nimekubali nusu, mama, na nusu naibakiza. Kwa wanaopenda historia: aliyetufungulia njia hii yote alikuwa daktari Mwingereza, Lucy Wills, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kuchunguza kwa nini wajawazito waliofanya kazi katika viwanda vya nguo walikuwa wakiishiwa damu hadi kufa. Aligundua kwamba dondoo ya hamira waliyokuwa wakipaka Waingereza kwenye mkate iliwaponya. Kile kilichokuwa ndani ya hamira ndicho baadaye kikaitwa asidi ya foliki, kwa neno la Kilatini lenye maana ya jani, kwa kuwa kilitolewa kwenye mchicha wa kizungu. Na jani la mchicha wetu linayo pia, bila miligramu 5.

#15 Shangazi wa Makete

Mzee Kitonga akianza historia tutafika Vasco da Gama. Nakubali marekebisho ya Mkunga kuhusu wiki ya 6, asante. Ila hapo kwenye mchicha nami nitamrekebisha yeye: foleti ya chakula hupotea nyingi ikichemshwa na kumwagwa maji, na hata isipopotea, mwili hunyonya ya kidonge vizuri kuliko ya jani. Mikrogramu 0.6 ya kidonge kilicholiwa na chakula ni sawa na 1 ya mboga. Mchicha mzuri, maharage mazuri, maini pia si kila siku, lakini haviwezi kushika nafasi ya kidonge kwa mjamzito.

#16 Mkazi wa Rongai (Kenya)

Hamjambo. Nimesoma yote na ningependa kuongeza kisa changu kwa sababu naona kuna neno halijatajwa, nalo ni vitamini B12.

Nilikuwa nikimeza metformini, dawa ya kushusha sukari, kwa karibu miaka minne kabla ya kushika mimba, kwa sababu ya vifuko vidogo kwenye ovari na hedhi kupotea. Nilipopata mimba niliongezewa foliki ya 5. Wiki ya 25 sukari yangu ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa 5.6, nikaambiwa nina kisukari cha mimba. Wakati huo huo vidole vya miguu vilikuwa vimekufa ganzi, nikivaa kandambili nilikuwa sisikii mkanda, na ikanibidi nitazame chini kujua kama ninayo bado. Daktari mmoja kijana ndiye aliyeagiza B12 ipimwe. Ilikuwa chini sana. Metformini ikitumiwa muda mrefu hupunguza B12 mwilini, na hakuna aliyenieleza kwa miaka yote hiyo minne.

Alinieleza kwamba foleti na B12 hufanya kazi kama watu wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja. Mmoja akiwa na nguvu mara 12 na mwenzake amelala, mtama hautwangiki. Je, kisukari changu kililetwa na foliki nyingi, na B12 kidogo, au na kile kilichonifanya nipewe metformini tangu mwanzo? Binti yangu ana miaka miwili na bado sijapata jibu.

#17 Fundi wa Takwimu

Asante, dada wa Rongai. Umeleta kile ambacho mimi nilikuwa nakizunguka. Mysore, India, walifuatilia wajawazito wapatao 785, na matokeo yao ya mwaka 2009 yalionesha kwamba waliopungukiwa B12 walikuwa wanene zaidi na wenye mwili mkaidi kwa insulini (homoni inayoshusha sukari ya damu), na miongoni mwa hao waliopungukiwa, kisukari cha mimba kilizidi kadiri foleti ya damu ilivyokuwa juu. Pune nako, mwaka 2008, walikuta kwamba watoto waliozaliwa na mama wenye foleti nyingi na B12 kidogo ndio waliokuwa na ukaidi mkubwa zaidi wa insulini walipofikisha miaka 6.

Mkilitazama hivi, China na Marekani huenda hazipingani. Mmarekani mara nyingi humeza kidonge chenye vitamini nyingi ambamo foliki na B12 zimo pamoja. Kidonge cha bure cha China ni foliki peke yake.

#18 Mswahili wa Muscat

Hapo Fundi naona umeanza kupenda jibu kabla hujalipima. Wahindi wa Mysore wengi hawali nyama. Mwanza wana sato na dagaa. B12 ya MamaKijacho iko pale sokoni kwenye beseni.

#19 Fundi wa Takwimu

Umenikamata kwa haki. Ni dhana inayovutia, na nakiri inanivutia kuliko ushahidi wake. Lakini kuhusu Mwanza usiwe na hakika sana: sato wanaona wengi, wanaokula ni wachache, na mama wa ugali na mchicha siku saba kwa wiki hapati B12 kwenye mboga hiyo.

#20 Mama Baraka (Dar es Salaam)

Nimekaa na uzi huu tangu jana, nikasita, lakini naona niseme, kwa sababu huenda yupo anayesoma ambaye hajashika mimba bado.

Mwanangu wa kwanza alizaliwa na mgongo wazi. Nilianza kliniki nikiwa na miezi minne, nikafurahi kwamba nimewahi. Alizaliwa na uvimbe mwekundu chini ya kiuno wenye ngozi nyembamba kama ya nyanya iliyochemshwa, tukapelekwa Muhimbili akiwa na siku mbili, akafanyiwa upasuaji, kisha kichwa kikaanza kujaa maji akawekewa mrija. Nina utepe wa fundi cherehani ambao nimempimia kichwa kila Ijumaa kwa mwaka mzima, na sentimita 43 pameandikwa kwa kalamu, kwa sababu hapo ndipo kilipotulia. Ana miaka 7, yuko darasa la pili, anatembea kwa magongo.

Kwa mimba ya pili daktari alinianzishia miligramu 5 miezi mitatu kabla. Alinieleza kwamba jaribio lililochapishwa Uingereza mwaka 1991, lililohusisha nchi saba, lilionesha dozi ya miligramu 4 ikizuia tatizo hilo lisijirudie kwa asilimia 72. Nilimeza hadi wiki ya 12 kisha nikahamia FEFO. Nilipimwa sukari wiki ya 26, ilikuwa salama. Mtoto ni mzima.

Sisemi kwamba 5 haileti sukari kwa kuwa mimi haikuniletea. Ninaomba tu ujumbe ule usiwafikie mabinti ambao mimba yao itatungwa mwezi ujao, wakaacha hata ile 0.4.

#21 Mkunga Mstaafu

Mama Baraka, Mungu amkuze. Umesema kile ambacho mimi husema kila siku na hakisikilizwi nikikisema mimi.

Nikiongezea kwa mabinti hao: Tanzania mwaka 2011 na Kenya mwaka 2012 zilitunga kanuni za lazima kwamba unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani uongezwe virutubishi, na asidi ya foliki ni mojawapo. Lakini unga unaosagwa kwenye mashine ya mtaani, ambao ndio unaoliwa na wengi vijijini, hauguswi. Marekani, ambako ni lazima tangu 1998, msichana anakula foliki katika mkate hata asipofikiria mtoto. Kwetu anategemea kidonge, na kidonge kinangoja kliniki.

#22 MamaKijacho

Nimerudi kutoka kliniki asubuhi hii. Muuguzi alivitazama vile vya njano, akaniuliza kama nina selimundu, kifafa, au mtoto niliyempoteza. Nilipojibu hapana, aliviweka pembeni akasema niendelee na FEFO peke yake, nimeze usiku, nisiifuatanishe na chai. Kwa kuwa mama yangu ana kisukari, ameandika kwa kalamu nyekundu juu ya kadi yangu: kipimo cha glukosi wiki 24 hadi 28. Nashukuru wote. Mama Baraka, nimelia niliposoma, na ujumbe ule nimeomba uondolewe kwenye kundi.

#23 Binti Pangani

Mkunga, kwa nini wasubiri wiki ya 24? Si apimwe sasa aondokane na wasiwasi?

#24 Mkunga Mstaafu

Kwa mwenye hatari kama yeye hupimwa sukari mapema pia, ili kujua kama tayari anacho kisukari cha kawaida ambacho hakikujulikana. Lakini kile cha mimba huletwa na kondo la nyuma. Linapokua humwaga homoni zinazoufanya mwili wa mama usiitii insulini, ili sukari ibaki kwenye damu kwa ajili ya mtoto. Kongosho la wengi huongeza kazi na kulimudu hilo. La wengine hushindwa. Nguvu ya homoni hizo huanza kuonekana vizuri baada ya katikati ya ujauzito.

#25 MamaKijacho *(miezi minne baadaye)*

Habari za siku nyingi. Niliahidi moyoni kwamba nitarudi na matokeo, yakiwa mazuri au mabaya. Jana, wiki ya 26, nilikunywa glukosi gramu 75. Kabla ya kunywa nilikuwa na 4.8. Baada ya saa moja, 9.4. Baada ya saa mbili, 8.6. Wameniambia mpaka wa saa mbili ni 8.5 na kwamba kipimo kimoja kikivuka kinatosha. Kwa hiyo nina kisukari cha ujauzito, kwa nukta moja.

Tangu siku ile sikugusa kile cha njano. Nilikimeza takriban wiki tano tu mwanzoni.

#26 Mzee Kitonga

Pole, binti yangu. Unaona sasa, Fundi: dozi kubwa aliiacha mapema na bado limemkuta. Mimi sasa naegemea ukoo. Mama mzazi ana kisukari.

#27 Mkazi wa Rongai

Pole sana. Au wiki zile tano ndizo zilizohesabika, Mzee? Utafiti wa Ma'anshan ulihusu hiyo hiyo miezi ya mwanzo. Dada, uliza kama wanaweza kupima B12.

#28 Fundi wa Takwimu

Wote wawili mnaweza kuwa sahihi, na pia mnaweza kukosea wote. Kwa mtu mmoja hakuna hesabu itakayotenganisha mama yake, wiki tano za kidonge cha njano, na nukta moja ya mashine ambayo keshokutwa ingeweza kusoma 8.4. Nimejaribu tangu jana, kwa kuwa nilitamani kukuletea jibu, dada.

#29 Mkunga Mstaafu

Pole, mwanangu. Umegundulika mapema na kwa kiwango kidogo. Wengi wa aina yako hutulizwa kwa chakula na kutembea: punguza ugali uwe ngumi yako moja, mboga na dagaa viongezeke, acha juisi na soda kabisa, na tembea dakika 20 baada ya mlo. FEFO usiache. Pima kama ulivyoelekezwa, uandike kila namba.

Na kuna swali ambalo nilipaswa kuliuliza tangu bandiko la kwanza, nalo linanisumbua. Wifi yako sasa ana miezi mitano tangu ajifungue. Je, alipimwa sukari tena baada ya kujifungua? Hupaswa kurudiwa kati ya wiki ya 6 na ya 12, kwa sababu aliyewahi kupata kisukari cha mimba yuko katika hatari kubwa ya kupata kile cha kudumu.

#30 MamaKijacho

Nimemuuliza sasa hivi kwa simu. Hakuwahi kurudi, aliambiwa mtoto akitoka na sukari inatoka. Tumekubaliana twende pamoja Jumatatu asubuhi, yeye kabla ya kunywa chai na mimi na daftari langu.